Nyanya ikinyauka, chunguza udongo kabla ya kununua dawa

Kila joto linapozidi, wakulima wa nyanya kuanzia Ngarenanyuki na Tengeru mkoani Arusha hadi Kahe mkoani Kilimanjaro huuliza swali lilelile: mche ulikuwa umestawi, ghafla umenyauka ungali wa kijani, nipulizie dawa gani? Kama ni mnyauko bakteria, hakuna dawa ya kupulizia itakayouponya. Dawa ya ukungu hapo ni hasara tupu, na tunaumia kuona fedha za mkulima zikiishia dukani bure.

Kwa hiyo pima kwanza. Kata kipande cha shina, urefu wa kidole, karibu na udongo. Kishike ndani ya glasi ya maji safi, ncha ya chini izame kidogo, wala usikitikise. Baada ya dakika chache, nyuzi nyeupe kama za maziwa zikianza kushuka taratibu kutoka kwenye shina, hao ni bakteria.

Jina la kitaalamu la bakteria huyu ni Ralstonia solanacearum, na mwanasayansi Erwin F. Smith wa Marekani ndiye aliyechapisha maelezo yake mwaka 1896. Hushambulia pia tumbaku, viazi mviringo, pilipili, biringanya, nyanya chungu na hata mnavu, kwa kuwa mimea hiyo ni ya ukoo mmoja. Huishi udongoni na kuingia kupitia vidonda vya mizizi, vile vinavyoachwa na jembe wakati wa palizi au na minyoo fundo, vijiminyoo vya udongoni vinavyofanya mizizi ivimbe mafundo. Hustawi kwenye udongo wenye joto na unaotuamisha maji, ndiyo maana sehemu ya bondeni huanza kuugua kabla ya ile iliyoinuka. Panda kwenye matuta.

Huku kwetu ninachohofia zaidi ni mfereji. Maji yakishapita kwenye shamba linaloumwa, huwashukia na majirani wote wa chini. Mche ulioathirika ung'oe pamoja na udongo wa mizizi yake, uuchome au uufukie mbali, na tafadhali usiutupe mferejini.

Maji ya kwenye glasi yakibaki safi, majani yalianza kuwa manjano kutokea chini, pengine upande mmoja, na ndani ya shina kuna rangi ya kahawia, shuku mnyauko fusari. Huo ni ukungu wa udongoni, hupenda udongo wenye tindikali, na mbolea ya SA (salfeti ya amonia) ikitumika msimu hadi msimu huongeza tindikali hiyo. Chokaa husaidia, lakini udongo upimwe kwanza: kuna mashamba chini ya Mlima Meru ambayo tayari yana alikali, yaani kinyume cha tindikali, na chokaa huko itayaharibu zaidi.

Shamba lenye bakteria lipewe mahindi misimu kadhaa. Usipande humo hata mnavu wa mboga, na magugu ya ukoo huo yang'olewe pia. Jembe lililotumika humo lioshwe kabla halijaingia shamba lingine.