Mchicha Si Spinachi

Kila ninapomwandikia mgonjwa mpangilio wa mlo na kuweka humo mchicha, huwa najiandaa kusikia, atakaporudi kliniki, kwamba amekula spinachi mwezi mzima. Nikimuuliza sababu, jibu ni lilelile: ni mboga moja, ila mchicha ni Kiswahili na spinachi ni Kizungu. Jibu hilo nimelipata kwa walimu, kwa wapishi na hata kwa wauguzi, na limenichosha.

Dhana: Mchicha ni jina la Kiswahili la spinachi

Kosa hili lina chimbuko. Kamusi nyingi za lugha mbili huyaweka majina haya sambamba, na mwanafunzi aliyeyakariri hivyo shuleni hana sababu ya kuyatilia shaka ukubwani. Lakini majina hayo mawili yanabeba mimea mitatu. Mchicha ni mimea ya jenasi Amaranthus, yenye spishi kadhaa zinazoliwa. Spinachi halisi ni Spinacia oleracea, mmea upendao baridi ambao joto likizidi hukimbilia kutoa maua badala ya majani, na ndiyo maana si rahisi kuukuta katika magenge ya Dar es Salaam au Mombasa. Ile inayouzwa kwa jina la spinachi katika masoko yetu mengi, yenye jani pana lililokunjamana na kikonyo kinene cheupe, ni Beta vulgaris, yaani spishi ileile ya bitiruti.

Asiyeniamini na aende duka la pembejeo aombe mbegu. Mbegu za spinachi hiyo na za bitiruti ni vibonge vya kahawia vyenye mabonde, ambavyo ukivichanganya kiganjani hutaweza kuvitenga tena, na kibonge kimoja kinaweza kuotesha miche miwili au mitatu. Mbegu ya mchicha ni chembe nyeusi inayong'aa, ndogo kuliko punje ya ulezi. Hata fungu la sokoni linajieleza: mchicha hukomaa kwa wiki tatu au nne tu, hivyo mara nyingi hung'olewa mzima na kufika mezani kwa muuzaji ukiwa na mizizi yenye udongo, ilhali spinachi huchumwa jani baada ya jani kwenye shina lilelile kwa miezi.

Wapo wanaoniambia, "Daktari, si yote ni majani tu?" (Mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe, lakini nimeacha kuwasahihisha.) Si majani tu. Gramu 100 za mchicha mbichi zina takriban miligramu 215 za kalsiamu, wakati kiasi kilekile cha spinachi ya sokoni kina miligramu 51 hivi. Kwa upande wa sodiamu mambo hugeuka: mchicha una takriban miligramu 20, spinachi hiyo ina zaidi ya 210 hata kabla mpishi hajagusa kopo la chumvi. Mtu mzima mwenye afya hatadhurika kwa tofauti hiyo, na sisemi kwamba spinachi ni mboga mbaya, lakini mgonjwa wa shinikizo la damu ninayembania chumvi kijiko kwa kijiko anastahili kujua anachokiweka sufuriani.

Jambo moja mimea hii mitatu inalo kwa pamoja, kwa kuwa ni ya ukoo mmoja: yote ina oksaleti nyingi, yaani chumvichumvi za mimea zinazoweza kuungana na kalsiamu na kufanya mawe ya figo. Kwa hiyo aliyeambiwa apunguze mchicha kwa sababu ya mawe ya figo, kisha akahamia spinachi, hajapunguza chochote.

Dhana: Terere ni mboga nyingine kabisa

Terere kwa Wakikuyu, ododo kwa Waluo, dodo nchini Uganda, lengalenga mashariki mwa Kongo: yote ni Amaranthus. Spishi zinaweza kutofautiana kutoka shamba hadi shamba, lakini aliyeandikiwa mchicha na kupata terere amepata alichoandikiwa.

Dhana: Mchicha mwekundu ndio unaoongeza damu

Rangi hiyo ya damu ya mzee hutokana na betasianini, kundi lilelile la rangi linalowekundisha bitiruti, na haina uhusiano wowote na madini ya chuma. Chuma kimo katika mchicha wa kijani pia, ila mwili hukifyonza kwa shida, kama kilivyo chuma chochote cha mimea. Ndiyo sababu sichoki kuhimiza ndimu: ikamulie juu ya mboga ukishaipakua, maana vitamini C husaidia chuma hicho kufyonzwa. Chai ya rangi iliyokolea isogezwe mbali na mlo, angalau kwa saa moja, kwani huzuia ufyonzwaji huo. Anayeshushia mchicha wake kwa kikombe cha chai anatoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine.

Dhana: Nazi huharibu mchicha

Haiharibu. Karotini iliyomo katika majani haya huhitaji mafuta kidogo ili ifyonzwe, na tui linatosha. Aliyekatazwa nazi na atie kijiko cha mafuta ya alizeti. Mchicha uliochemshwa maji matupu hadi ukawa uji ndio ninaousikitikia.

Dhana: Kiporo cha mchicha ni sumu

Majani haya yana naitreti. Mboga iliyopikwa ikiachwa jikoni kwa saa nyingi, bakteria huanza kuigeuza kuwa naitraiti, ambayo ni hatari hasa kwa watoto wachanga. Tatizo basi ni kuilaza mboga kwenye joto, wala si kuipasha. Iliyopoozwa mapema na kuwekwa kwenye friji inaweza kuliwa kesho yake na watu wazima, ikipashwa mara moja tu, na mtoto wa miezi michache apikiwe ya kwake upya.