Imla ya muziki ni nini hasa

Imla ya muziki ni zoezi ambalo mwalimu hupiga wimbo mfupi, mwanafunzi akausikiliza bila kuona chochote, kisha akauandika kwa noti. Aliyesoma muziki hadi KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ameshakutana nayo kwenye karatasi ya pili, ile ya kusikiliza. Akijiunga na chuo kikuu, iwe Maseno au Kabarak pale Nakuru, anaikuta tena, ndefu zaidi na ya mara kwa mara. Wengi huiogopa kuliko somo jingine lolote kwa sababu wanaichukulia kama kipimo cha sikio. Anayekosea huambiwa hana sikio, naye huamini.

Sikio ni sehemu tu ya kazi. Gary Karpinski, mwalimu wa Marekani aliyeandika sana kuhusu ufundishaji huu, anaigawa imla katika hatua nne: kusikia, kukumbuka, kuelewa, kuandika. Mtu anaweza kukwama kwenye hatua yoyote, na dawa ya moja haitibu nyingine. Ukitaka kujua mwanafunzi wako amekwama wapi, mwambie aimbe alichosikia kabla ya kugusa kalamu. Akiimba sawasawa halafu akaandika makosa, sikio na kumbukumbu ni nzima, tatizo liko kwenye kuelewa au kuandika. Akishindwa kuimba, usipoteze muda kusahihisha noti zake, maana alikuwa anabahatisha.

Chukua wimbo huu wa baa nne (baa ni kipande kati ya vistari viwili vya wima), katika G meja, mapigo matatu kwa baa. Herufi d, r, m, f, s, l, t ni za solfa (do, re, mi, fa, so, la, ti), kila herufi ni pigo moja, kistari kinaendeleza sauti iliyotangulia, na koma inaonyesha sauti ya chini:

d d m | s – m | f r t, | d – –

Hizo ni noti tisa. Anayejaribu kuzikariri moja moja atafika ya tano au ya sita na ile ya kwanza imeshapotea. Anayejua muziki habebi tisa, anabeba furushi tatu. Baa mbili za mwanzo ni d-m-s tu, inapanda kisha inarudi m. Baa ya tatu ni f-r-t, yaani kodi ya s yenye saba (s-t-r-f) bila s yenyewe, ikishuka kutoka juu. Baa ya nne ni nyumbani, yaani d. Huko ndiko kuelewa: kupunguza mzigo ili kumbukumbu iumudu.

Kosa linalojirudia katika wimbo kama huu ni kuandika f r d badala ya f r t,. Sikio lina hamu ya kufika nyumbani, basi linafika pigo moja mapema. Dawa yake ni swali moja: je, kati ya noti ya mwisho ya baa ya tatu na noti ya baa ya nne sauti ilisogea au ilibaki palepale? Ikiwa ilipanda nusu toni (hatua ndogo kabisa kwenye piano), haiwezi kuwa d kwenda d. Ni t, kwenda d. Mwanafunzi akizoea kuuliza swali hilo kila anapokaribia mwisho wa sentensi ya muziki, atajiokolea alama nyingi.

Hapa ndipo vijana waliokulia kwenye kwaya za Kisumu, Kakamega na Bungoma wanapoingia chuoni na mali ambayo mara nyingi haithaminiwi. Wanasoma solfa. Mfumo huo uliasisiwa Uingereza katika karne ya 19 na Sarah Glover, akaurekebisha na kuusambaza John Curwen, na wamishonari wakauleta Afrika kwa kuwa herufi zinachapika na kuandikika ubaoni bila karatasi ya mistari mitano. Mwalimu wa chuo anayewaambia wasahau solfa ili wajifunze “muziki wenyewe” anawanyang'anya chombo walicho nacho tayari. Herufi f haitaji sauti peke yake, inakwambia pia kwamba sauti hiyo inataka kushuka kwenda m. Noti C kwenye mistari haikwambii hivyo mpaka ujue uko kwenye ufunguo gani.

Hata hivyo solfa ya kwaya ina mapengo mawili ya kuziba mapema. La kwanza ni kuhamisha herufi kwenda kwenye mistari. Kijana anaimba wimbo wote bila kosa, lakini anachukua sekunde nne kutafuta t, ya G iko wapi (ni F shapu), na huku wimbo umeshapita. Zoezi lake halihitaji kusikiliza chochote: aandike wimbo uleule kwa G, kisha kwa B flati, kisha kwa E, kila siku nyimbo mbili, hadi mkono uende wenyewe. Pengo la pili ni maina, ngazi ya sauti iliyo kinyume cha meja. Kwaya zetu huhesabu maina kuanzia l, na sauti ya saba iliyopandishwa huitwa se. Baadhi ya walimu wa chuo huanza maina na d, na sauti hiyohiyo ni t. Njia zote mbili zinafanya kazi. Kinachoharibu ni kuzichanganya darasani bila kusema, basi mwalimu aamue wiki ya kwanza na abaki hapo.

Kuhusu programu za simu zinazopiga sauti mbili na kukuuliza umbali kati yake: zitumie, lakini usizitegemee. Umbali kutoka m hadi f ni nusu toni, na kutoka t hadi d ya juu ni nusu toni vilevile, ila ndani ya wimbo haufanani hata kidogo. Mmoja unahisi kama kuinamia kitu, mwingine kama kufika. Ndiyo maana mtu anafanya vizuri sana kwenye simu halafu anapotea kwenye wimbo wa baa nne.

Siku ya imla yenyewe, mwalimu akipiga mara ya kwanza, weka kalamu chini. Hilo ni gumu kwa wengi, lakini anayeandika noti ya kwanza hasikii ya tatu. Gonga pigo kwa kidole, tafuta pigo zito, uuimbe wimbo kimoyomoyo ukimya ukiingia. Mara ya pili chora vistari vya mdundo juu ya mistari na herufi za solfa chini yake. Mara ya tatu jaza mapengo, ukianzia mwisho ikiwa mwisho ndio unaoukumbuka. Ya nne ni ya kukagua. Kwa noti tisa kama zile za juu, kupiga mara nne, na ukimya wa kama sekunde 40 katikati, kunatosha mwaka wa kwanza.

Upande wa mwalimu, kabla ya kuanza piga d m s d kisha d ya chini, halafu hesabu baa nzima kwa kasi utakayotumia. Angalia pia kile kitufe cha kuhamisha ufunguo kwenye kinanda. Vinanda vingi vilivyowahi kutumika kanisani huachwa vimehamishwa toni moja, na mwanafunzi aliyejipimia A kwa uma wa sauti wa 440 (mitetemo 440 kwa sekunde) anajiona amekosea kumbe kinanda ndicho kilichohama. Na ukiwa Kakamega, kwenye darasa la mabati, weka kipindi hiki asubuhi. Mvua ya alasiri haimruhusu mtu kusikia besi.

Usahihishaji nao utenganishe mdundo na sauti. Aliyekosea hatua moja kisha akaendelea na umbali sahihi amekosa mara moja, hakukosa mara saba.

Mdundo wa 6/8 unahitaji uangalifu wa pekee huku kwetu. Kwava sita (kwava ni noti ya nusu pigo la 3/4) zinaweza kuwa makundi mawili ya tatu, au, zikiwa 3/4, makundi matatu ya mbili. Sikio lililozoea ngoma tatu za isukuti zikipishana mapigo husikia yote mawili kwa pamoja, na si kosa. Muulize mwanafunzi mguu wa mchezaji ngoma ungekanyaga wapi. Akikanyaga mara mbili kwa baa, aandike 6/8.

Mwalimu akileta nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, darasani, hiyo si imla tena, ni unukuzi. Hakuna jibu lililokwisha kuandikwa, unarudia rekodi kadiri unavyotaka, na nyuzi zake nane hulinganishwa na sauti ya mpigaji, si na nusu toni 12 za piano. Noti isiyokaa sawa iwekewe mshale mdogo wa kupanda au kushuka badala ya kulazimishwa kuwa shapu. Na kabla mpigaji hajaanza, rekodi kila uzi peke yake, maana akikaza mmoja katikati ya wimbo utahitaji pa kurejea.