Je, wajua kwa nini mtu akisimama moyo tunamkandamiza kifua?

Mtu yuko anazungumza, ghafla anaanguka. Ukimwita haitiki, ukimtikisa mabega hafumbui macho, na hapumui. Moyo wake umesimama. Wengi hudhani anayemkandamiza kifua anajaribu kuuamsha moyo huo, kama watu wanavyosukuma gari ili liwake. Ni mara chache moyo huamka kwa mikono peke yake. Anachofanya ni kuupelekea ubongo damu, kwa sababu ubongo huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi bila oksijeni.

Moyo umekaa kati ya mfupa wa kidari kwa mbele na uti wa mgongo kwa nyuma. Ukikandamiza kidari, moyo unabanwa katikati na damu inatoka. Vali zake hufunguka upande mmoja tu, kwa hiyo damu haiwezi kurudi ilikotoka. Ukiachia, kifua kinainuka na moyo unajaa tena. Huko kuachia hudharauliwa mno, ilhali ndipo msuli wa moyo wenyewe unapopata sehemu kubwa ya damu yake. Ukiegemeza mwili wako juu ya kifua, unaunyima.

Zamani madaktari walikuwa wakipasua kifua na kuuminya moyo kwa mkono. Mwaka 1960, William Kouwenhoven, James Jude na Guy Knickerbocker wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha ushahidi kwamba kukandamiza kwa nje kunatosha. Fununu ya kwanza waliipata kwenye majaribio ya mbwa: walipobana kifuani vyuma vya kuushtua moyo kwa umeme, presha ya damu ilipanda hata kabla ya umeme kuwashwa.

Mlaze chali mahali pagumu, kwani godoro hubonyea likakuibia nguvu. Piga magoti ubavuni. Weka kitako cha kiganja kimoja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha viwiko, kisha shuka na uzito wa mwili wako sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hiyo ni karibu mara mbili kila sekunde, na inachosha kuliko unavyofikiri. Kama mpo wawili, pokezaneni kila dakika 2. Ubavu unaweza kulia "ka!" chini ya mkono wako. Inatisha, lakini endelea, ubavu huunga.

Wakati huohuo mwelekeze mtu mmoja kwa kidole: "Wewe, piga simu ya dharura!" Ukisema "jamani, kuna mtu apige simu", kila mmoja atamtegemea mwenzake. Mwingine akatafute mashine ya kushtua moyo kama ipo karibu. Yenyewe hutoa maelekezo kwa sauti.

Linaloniuma zaidi ni hili. Dakika za mwanzo, aliyesimama moyo anaweza kufunua mdomo na kuvuta pumzi moja nzito yenye mkoromo, kisha kimya kirefu, kisha nyingine. Watu husema "bado anapumua", wanakaa kumpepea. Huko si kupumua. Asiyeitika na asiyepumua kawaida, anza kumkandamiza.

Je, kumpulizia hewa mdomoni? Mtu mzima aliyeanguka ghafla bado ana oksijeni kwenye damu, kwa hiyo kama hujafunzwa, mikono yatosha. Mtoto, au aliyezama majini, mara nyingi oksijeni yake imekwisha kabla moyo haujasimama. Huyo anahitaji pumzi: kandamiza mara 30, puliza mara 2, rudia. Pumzi unayotoa bado ina oksijeni kama asilimia 16, nayo yamfaa.

Usisimame kila mara kuangalia kama amezinduka, maana presha ya damu huporomoka mara tu unapoacha. Endelea mpaka apumue kawaida, au mpaka wahudumu wafike na kuweka mikono yao palipokuwa na yako.