Sigara kando ya peremende: mtaa una sehemu gani kijana anapoanza kuvuta?

Dhana: Mtoto wa mtaa maskini atavuta tu.

Hapana, na kauli hii inawaonea watoto wengi wa mitaa ya Mathare na Kibera, Nairobi, ambao hawajawahi kushika sigara. Marekani, kwa miongo kadhaa, vijana Weusi wamevuta sigara kwa kiwango cha chini kuliko vijana Wazungu, ingawa wengi wao hukulia kwenye mitaa yenye umaskini zaidi na matangazo tele ya sigara za mentholi, zenye ladha ya mnanaa.

Tuangalie badala yake kile mtoto anachopishana nacho akienda shule. Nairobi, sigara hupangwa kando ya peremende na biskuti, kiberiti cha gesi kikining'inia kwa kamba ili mteja awashe papo hapo. Pakiti nzima mwanafunzi haiwezi. Sigara moja anaimudu kwa chenji ya nauli. Sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na inakataza pakiti yenye sigara pungufu ya 10. Hata hivyo sigara moja moja zinauzwa mchana kweupe, na zikishatolewa pakitini, lile onyo lenye picha linabaki kwa muuzaji. Mtoto halioni kabisa. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Dhana: Muhamishe mtaa, atapona.

Kuanzia 1994 serikali ya Marekani ilijaribu jambo hilo Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York. Familia zipatazo 4,600 ziliingizwa kwenye bahati nasibu. Baadhi zikapata msaada wa kodi ya nyumba ili zihamie mitaa yenye umaskini mdogo. Tathmini ya miaka ya mwanzo ya 2000 ilikuta wasichana wamepata nafuu ya afya ya akili. Wavulana waliopewa nafasi hiyo, kinyume na matarajio, walivuta zaidi kuliko wenzao ambao hawakuipata. Naona hapa upweke wa mvulana aliyeng'olewa kwa marafiki zake: sigara ni njia ya haraka ya kupokelewa na kundi jipya.

Dhana: Ni utundu wa ujana, ataacha.

Huko huko Marekani, karibu 9 kati ya kila watu wazima 10 wanaovuta kila siku walikuwa wameionja sigara ya kwanza kufikia umri wa miaka 18.

Dhana: Malezi ni ya nyumbani, mji hauna la kufanya.

Mzazi anayekataza kwa msimamo humkinga mtoto wake kweli. Lakini mzazi hatoi leseni za maduka. Jiji la Philadelphia, Marekani, lilibana leseni za tumbaku mwaka 2017: takriban moja kwa kila watu 1,000, na hakuna leseni mpya ndani ya mita 150 hivi kutoka shuleni. Wenye maduka ya zamani waliachwa waendelee. Ila eneo likishajaa, mwombaji mpya hapewi.