Kipoza oili cha kiwandani kwenye magari ya kasi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Fundi anapofungua filta ya oili ya Subaru Impreza WRX STI, nyuma yake hukutana na kifaa kinene cha metali, cha mviringo, chenye mirija miwili ya maji. Hicho ndicho kipoza oili kilichowekwa na kiwanda. Kwenye Mitsubishi Lancer Evolution kina sura nyingine kabisa: ni rejeta ndogo iliyojificha pembeni mwa bampa ya mbele, inayopozwa na upepo na kuunganishwa na injini kwa mipira miwili ya kupitishia oili. Kazi ni moja, njia ni mbili, na juu ya zote mbili yamejengeka maneno mengi yasiyo sahihi. Wapo wanaokiona kifaa hiki kuwa pambo la kuongezea gari bei, na wapo wanaodhani kikishakuwepo injini haiwezi tena kudhurika. Kwa maoni yangu, kipoza cha kiwandani kina thamani kubwa kwa gari linaloendeshwa kwa nguvu, mradi mwenye gari ajue kinaweza kufanya nini na hakiwezi kufanya nini.

Dhana inayoumiza injini kuliko zote ni ile isemayo kwamba mshale wa joto ukiwa katikati, basi kila kitu ndani kiko salama. Mshale huo hupima joto la maji, wala haupimi joto la oili, na katika magari mengi ya kisasa umepangwa ubaki katikati hata maji yanapopanda au kushuka nyuzi kadhaa, ili dereva asipate wasiwasi bure. Maji yana themostati (vali inayofunguka na kujifunga kulingana na joto) na feni za kuyadhibiti yasizidi kiwango chake. Oili haina bahati hiyo. Hupita kwenye beringi za turbo, hurushwa chini ya pistoni ili kuzipoza, tena hubanwa kati ya krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, na beringi zake, mahali ambapo maji hayafiki kabisa, na kadiri mizunguko ya injini inavyoongezeka ndivyo msuguano ndani ya oili yenyewe unavyozalisha joto zaidi. Kwa hiyo gari linaweza kuwa na maji yenye nyuzi 95 za selsiasi huku oili ikiwa imefika 130, na dereva asione dalili yoyote kwenye dashibodi.

Tofauti hiyo si ndogo. Oili ya kawaida ya 5W-30 inapotoka nyuzi 100 hadi 130 hupoteza takriban asilimia 40 ya mnato wake (uzito wake wa kutiririka), yaani ule utando unaoitenganisha krenki na beringi huwa mwembamba wakati ule ule mzigo ulipo mkubwa. Pamoja na hayo, kanuni ya makadirio inayotumiwa na wataalamu wa vilainishi ni kwamba kila joto linapoongezeka nyuzi 10, kasi ya oili kuharibika kwa kuungana na oksijeni huongezeka karibu mara mbili. Oili iliyopaswa kudumu miezi kadhaa inaweza kuchakaa kwa siku chache za mbio.

Hapa huja hoja nyingine inayosikika mara nyingi: kama gari lingehitaji kipoza, kiwanda kingekiweka tangu mwanzo. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kiwanda kingekuwa kinapanga gari kwa ajili ya dereva mmoja tu. Nissan 370Z ni mfano wa wazi. Matoleo yake ya kwanza, ya mwaka 2009, yalikuja na injini ya V6 ya lita 3.7 bila kipoza oili, na barabarani hayakuwa na tatizo. Madereva walipoyapeleka kwenye viwanja vya mbio, joto la oili lilipanda raundi baada ya raundi, na lilipokaribia nyuzi 280 za Farenhaiti, ambazo ni takriban 138 za selsiasi, kompyuta ya gari ilipunguza mizunguko ya injini ili kuilinda. Gari jipya, zima, lisilo na hitilafu yoyote, likawa linajipunguzia kasi lenyewe katikati ya mbio. Katika matoleo ya mwaka 2012 yaliyouzwa Marekani, Nissan iliongeza kipoza oili kwenye magari yenye kifurushi cha michezo. Injini ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kukubali kwamba wanunuzi wa gari hilo wangelikimbiza kweli.

Zipo injini ambazo kwazo suala hili halikuwahi kuwa la hiari. Porsche 911 hadi kizazi kilichokoma mwaka 1998 zilipozwa kwa hewa na oili pekee, na katika matoleo mengi oili ilisafirishwa kutoka injini iliyo nyuma hadi rejeta yake iliyo mbele ya gari. Mazda RX-7 za mwisho, zenye injini ya kuzunguka, ziliwekewa vipoza viwili katika baadhi ya matoleo, kwa kuwa katika injini ya namna hiyo oili hubeba sehemu kubwa ya joto la rota, yaani kiungo kinachozunguka mahali pa pistoni.

Sidai kwamba kila mwenye gari la kasi atayaona manufaa hayo. Anayekwenda kazini na kurudi, au anayesafiri kwa kilomita 100 kwa saa kwenye barabara tambarare, oili yake kwa kawaida hukaa karibu na nyuzi 100, na hapo kipoza hakina kazi kubwa. Mambo hubadilika kwenye mlima mrefu. Chukua gari la turbo linalopanda Kitonga, mkoani Iringa, likiwa nyuma ya lori lenye shehena: injini inafanya kazi nzito, mwendo ni mdogo, upepo wa mbele haupo. Katika hali hiyo kipoza kinachotegemea upepo, kama kile cha Evolution, hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake, ilhali kile kinachotumia maji kinaendelea kusaidiwa na rejeta kuu na feni zake. Lakini nacho kina mpaka wake. Hakiwezi kuishusha oili chini ya joto la maji yenyewe, na joto lote kinaloliondoa kwenye oili hulihamishia kwenye rejeta. Rejeta ikiwa imeziba kwa kutu na matope, oili nayo huumia.

Wengine huogopa kinyume chake, kwamba kipoza huifanya oili iwe baridi mno na kuichelewesha kupata joto asubuhi. Hofu hii ina msingi, kwa kuwa oili isiyofikia joto la kutosha hubaki na unyevu na mabaki ya petroli, lakini haikihusu kipoza cha kiwandani. Kile cha maji hufanya kazi pande mbili: asubuhi maji hupata joto upesi kuliko oili, hivyo kifaa kile kile huipasha oili kabla ya kuanza kuipoza. Lancer Evolution nayo ina vali kwenye kitako cha filta inayozuia oili baridi isizungushwe yote hadi mbele. Wenye sababu ya kuogopa ni wale waliofunga vipoza vya dukani visivyo na themostati, kisha wakaendesha kwenye baridi ya Limuru alfajiri.

Vipoza hivyo vya dukani huambatana na imani kwamba kikubwa ndicho bora. Kila kiungo kinachoongezwa ni mahali papya pa kuvuja, mipira mirefu na myembamba hupunguza shinikizo, na kipoza kikubwa kikiwekwa mbele ya rejeta hukata hewa yake. Kwa gari la mashindano gharama hizo hukubalika. Kwa gari la barabarani ningekiacha cha kiwandani, niongeze geji ya joto la oili, na nibadilishe mawazo ikiwa tu namba zenyewe zitanilazimisha. Oili ya sinthetiki, ambayo wengi huinunua wakidhani inachukua nafasi ya kipoza, huvumilia joto vizuri zaidi, ila haiondoi joto hata nyuzi moja.

Kosa ninalotaka lisikike zaidi hutokea gereji, baada ya injini kuua beringi. Injini hushushwa, krenki huchongwa au injini nyingine kutoka Japani hununuliwa, kila kitu huoshwa, na kipoza cha zamani hurudishwa kwa sababu kinaonekana kizima. Ndani yake mna njia nyembamba zilizojaa vipande vya beringi. Kimimine mabaki yake kwenye beseni jeupe juani utaona oili inameta kama rangi ya gari. Fundi akipitisha sumaku asipate kitu, hilo lisimtulize, kwa kuwa tabaka la juu la beringi ni la aloi ya shaba au ya aluminiamu, ambayo sumaku haiishiki. Kusafisha njia hizo mpaka uwe na hakika ni vigumu sana. Bei ya kipoza kipya ni ndogo ukiilinganisha na ya injini ya pili.

Na pale oili inapoonekana ikielea kwenye chupa ya maji, gasketi ya silinda hedi isilaumiwe kabla kipoza cha maji hakijapimwa. Injini ikiwa inanguruma, shinikizo la oili huwa kubwa mara kadhaa kuliko la maji, hivyo ufa ndani ya kipoza huisukuma oili kuingia kwenye maji. Injini ikizimwa, shinikizo la oili hutoweka huku la maji likibaki kwa muda, na hapo maji yanaweza kupita kurudi kwenye oili. Kipoza hung'olewa, upande mmoja huzibwa, hujazwa hewa yenye shinikizo na kuzamishwa ndani ya ndoo ya maji. Kama kimepasuka, mapovu yatatoka upande wa pili.