Kocha wa miruko katika vyuo vya Marekani: yanayodhaniwa na yalivyo

Afrika Mashariki ilivijua vyuo vya Marekani kupitia wakimbiaji. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, na Suleiman Nyambui alikimbilia University of Texas at El Paso. Upande wa pili wa uwanja huohuo, penye shimo la mchanga na godoro, ipo kazi ambayo kwetu huzungumzwa mara chache: ya kocha wa kuruka umbali, kuruka juu na miruko mitatu. Kwa kuwa haijulikani sana, imezungukwa na dhana nyingi.

Dhana: Kocha wa miruko anafundisha kuruka.

Sehemu kubwa ya muda wake anafundisha kukimbia. Mwanaume wa kiwango cha juu katika kuruka umbali hufika kwenye ubao wa kurukia kwa kasi ya mita 10 hadi 11 kwa sekunde, na mguu wake hukaa hapo kwa takriban sekunde 0.12 tu. Ndiyo maana huondoka kwa pembe ya nyuzi 20 hivi. Wanaokumbuka fizikia ya shule husema nyuzi 45 ndizo bora, na kwa jiwe linalorushwa wana haki. Mtu akitaka kupanda kwa nyuzi 45 itabidi aiue kasi yake karibu yote, na ataanguka karibu na ubao. Carl Lewis, aliyefundishwa na Tom Tellez pale Houston, alishinda dhahabu ya Olimpiki ya kuruka umbali mara nne mfululizo, 1984 hadi 1996. Mwaka ule wa 1984 alishinda pia mita 100 na mita 200. Hizo si kazi mbili tofauti.

Kwa hiyo tepu ya kupimia na chaki ndivyo vifaa vya kila siku. Anayeanza hukimbia hatua 10 au 12. Waliokomaa hufika 18 hadi 22. Mbali na alama ya kuanzia, kocha huweka alama yake mwenyewe, mara nyingi hatua sita kabla ya ubao, na hapo ndipo macho yake yanapokaa. Tuseme mrukaji amepiga faulo, yaani mguu umeupita ubao, kwa sentimita 15. Akiwa ameikanyaga alama ile ya hatua sita sawasawa, kosa liko mwishoni: amezirefusha hatua za mwisho akiutafuta ubao kwa macho. Kumrudisha nyuma sentimita 15 hakutibu kitu. Atapiga faulo tena, au ataanza kuchezesha miguu. Lakini akiwa ameshaipita alama kwa zile 15, kosa limeanzia mwanzoni, pengine ameanza kwa nguvu kuliko kawaida au upepo unamsukuma mgongoni. Huyo ndiye wa kurudishwa nyuma. Kocha anayeangalia ubao peke yake hawezi kuwatofautisha hawa wawili, na jaribio linalofuata litapotea vilevile.

Hatua ya kabla ya mwisho nayo ina siri yake. Ni ndefu kidogo, mwili unashuka, kisha ya mwisho inakuwa fupi na mguu unatua bapa. Mrukaji akiinyoosha ile ya mwisho mbele yake kwa kisigino, amejipigia breki, na kisigino kitamwambia kesho yake asubuhi.

Dhana: Anayetaka kuruka mbali aruke sana mazoezini.

Hapa ndipo watu wanaumizwa. Katika miruko mitatu, mguu mmoja hupokea nguvu zaidi ya mara 10 ya uzito wa mwili. Ndiyo sababu mitua, yaani kila mara mguu unapotua, huhesabiwa: mwongozo unaotumika sana unampa anayeanza mitua 80 hadi 100 kwa kipindi kimoja cha mazoezi ya kurukaruka, na waliokomaa 120 hadi 140. Mruko kamili wenye mbio ndefu hufanywa mara chache tu. Siku nyingi ni mbio fupi za hatua 6 hadi 10, vyuma, na kurukaruka kwenye nyasi.

Kosa linaloonekana zaidi ni kuruka juu mno katika awamu ya kwanza ya ile mitatu. Watazamaji hupiga makofi. Kisha mrukaji anashuka kama gunia, goti la awamu ya pili linakunjika, na ya tatu haina kitu. Kocha mzuri huipunguza ile ya kwanza ili ya pili ipate kuishi.

Dhana: Lazima awe bingwa wa zamani, na awe na mtindo wake.

Mrukaji wa juu Dick Fosbury alipokuwa chuo cha Oregon State, kocha wake Berny Wagner alitaka kwanza autumie mtindo wa zamani wa kuvuka ufito. Matokeo yalipoonyesha kwamba kijana anapita vizuri zaidi kwa mgongo, Wagner alikubali. Mwaka 1968 Mexico City, Fosbury akavuka mita 2.24 na kuchukua dhahabu. Jicho la kuona na moyo wa kukubali ndivyo vilivyomsaidia yule kijana. Anayeajiri huuliza shahada kwanza, na mara nyingi ya uzamili. Njia ya kawaida ya kuingia ni kuwa kocha msaidizi huku unasoma uzamili, ada ikilipiwa na posho ikiwa ndogo.

Dhana: Wanafunzi wanafanya mazoezi saa 20 kwa wiki, basi na kocha ni hivyohivyo.

Saa 20 ni kikomo cha NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, kwa mwanariadha wakati wa msimu: zisizidi 4 kwa siku, na siku moja ya wiki ni mapumziko. Nje ya msimu ni 8. Kocha hana kikomo. Anahariri video, anapanga safari, anafuatilia alama za darasani, na kuanzia tarehe 15 Juni baada ya mwaka wa pili wa sekondari anaruhusiwa kumpigia simu kijana anayemtaka. Msimu wa ndani huishia Machi, wa nje Juni. Mapumziko ni membamba.

Dhana: Ukiruka vizuri, kocha anakupa ufadhili kamili.

Hadi 2025, timu ya Daraja la Kwanza, la juu kabisa la NCAA, ilikuwa na ufadhili 12.6 kwa wanaume na 18 kwa wanawake, ukigawanywa kwa wakimbiaji, warukaji na warushaji wote, hivyo wengi walipata sehemu tu. Tangu 2025/26, vyuo vilivyoingia katika makubaliano mapya ya kisheria ya kuwalipa wanariadha havina kikomo hicho, ila timu haizidi wanariadha 45 kwa kila jinsia. Nafasi ndiyo imekuwa adimu. Daraja la Tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa.

Dhana: Kazi yake hupimwa kwa medali.

Hupimwa kwa pointi. Mashindano ya NCAA hutoa 10, 8, 6, 5, 4, 3, 2, 1 kwa wanane wa kwanza. Ili kufika kwenye mashindano hayo ya msimu wa nje, mrukaji lazima awe miongoni mwa 48 wa kanda yake, Mashariki au Magharibi, kisha awe katika 12 wanaopita. Kwa sababu hiyo mtu wa saba asiyejulikana ana thamani: pointi mbili zake zinaingia kwenye jumla ya timu sawa na za wengine. Pia ndiyo maana makocha wengi wa miruko hubebeshwa pia mashindano ya mseto (dekathloni na heptathloni) na wakati mwingine kuruka kwa upondo. Anayeomba kazi hii aonyeshe, kwa kila mrukaji, alikuja akiruka ngapi na ameondoka akiruka ngapi.