Rufaa iliyoondoshwa si rufaa iliyotupwa: dhana potofu kuhusu hukumu za Mahakama ya Rufani ya Tanzania

Kila Mahakama ya Rufani inapotoa uamuzi wenye kuvuma, mitandao hujaa tafsiri kabla hukumu yenyewe haijasomwa. Ubaya wa tafsiri hizo ni kwamba mtu huziamini, akazitumia kwenye kesi yake, kisha akapoteza haki ambayo bado alikuwa nayo. Zifuatazo ndizo zinazoumiza watu zaidi.

Dhana: "Mahakama imetupilia mbali rufaa, basi habari imekwisha."

Magazeti hutumia "kutupilia mbali" kwa kila rufaa isiyofanikiwa, lakini mahakamani kuna mambo mawili tofauti. Rufaa hutupwa pale majaji wanaposikiliza hoja na kuona hazina mashiko. Hapo mgogoro umefungwa. Rufaa huondoshwa pale inapokutwa na kasoro iliyoifanya isistahili kusikilizwa: imechelewa, hati muhimu haimo, au cheti kilichoambatishwa ni kibovu. Hapo hakuna aliyeamua nani mwenye haki. Tofauti hii ni ya zamani, na mawakili wa Afrika Mashariki bado huirejea kesi ya chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo ya mwaka 1959.

Kwa mrufani, tofauti hiyo ni kubwa mno. Aliyeondoshewa rufaa anaweza kurudi, ila anaanza mwanzo: anaomba Mahakama Kuu imwongezee muda wa kuwasilisha taarifa mpya ya rufaa (tangazo la nia ya kukata rufaa), na akikubaliwa anafuata tena kila hatua. Atatakiwa kueleza ucheleweshaji siku kwa siku, kwa sababu msimamo wa Mahakama ni kwamba hata siku moja isiyoelezwa inahesabika. Aliyekaa miezi minne nyumbani akidhani mambo yamekwisha, kwa kuwa gazeti liliandika "imetupwa", atapata shida kubwa kuieleza miezi hiyo.

Kwa hiyo, ukiipata hukumu, anzia aya ya mwisho. Amri ya Mahakama ndiyo inayosema kama rufaa imekubaliwa, imetupwa au imeondoshwa, na gharama anabeba nani. Hukumu hizi zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII.

Dhana: "Nikishawasilisha taarifa ya rufaa, muda umesimama."

Hapa ndipo rufaa nyingi za madai hufia, tena kabla jaji yeyote hajafungua jalada. Taarifa ya rufaa ni mlango tu, na ndani kuna saa nyingine kadhaa zinazotembea kwa wakati mmoja. Tuchukue hukumu ya Mahakama Kuu iliyosomwa tarehe 3 Machi 2025, tuihesabu kwa Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 kama zilivyorekebishwa.

Taarifa ya rufaa hutakiwa ndani ya siku 30, yaani mwisho ni tarehe 2 Aprili. Tuseme mrufani ameiwasilisha mapema, tarehe 10 Machi. Kuanzia hapo ana siku 14 za kumpelekea nakala mjibu rufani (upande wa pili wa kesi), hadi tarehe 24 Machi. Na ana siku 60 za kufungua rufaa yenyewe pamoja na sababu za rufaa na kumbukumbu za rufaa (nyaraka za kesi zilizokusanywa pamoja). Hizo zinakwisha tarehe 9 Mei.

Ni nadra mwenendo wa kesi (maandishi ya yote yaliyotokea mahakamani) kuwa umechapwa na kuthibitishwa kufikia tarehe hiyo. Kanuni inalijua hilo. Mrufani akimwandikia Msajili barua ya kuomba nakala za mwenendo, hukumu na tuzo (hati ya amri inayotokana na hukumu) ndani ya siku 30 tangu hukumu, siku zilizotumika kuziandaa hazihesabiwi, mradi Msajili azithibitishe kwa cheti cha ucheleweshaji. Tuseme barua nayo iliingia tarehe 10 Machi na Msajili akamjulisha tarehe 20 Agosti kwamba nakala ziko tayari. Siku 60 zitaanza kuhesabiwa kuanzia hapo na kuishia tarehe 19 Oktoba. Siku hiyo ni Jumapili, kwa hiyo anaweza kufungua rufaa Jumatatu tarehe 20.

Mambo matatu huharibu mpango huu. La kwanza, barua haikupelekwa kwa mjibu rufani. Bila hilo mrufani hapati nafuu ya cheti, na siku zake 60 zinahesabiwa tangu taarifa ya rufaa. La pili, cheti kina tarehe isiyolingana na kumbukumbu, kwa mfano kinataja barua ya tarehe 12 Machi wakati muhuri wa mapokezi unaonyesha 10. Linaonekana dogo, lakini cheti ndicho ushahidi pekee wa siku zilizosamehewa. Kisome kabla hujatoka kwenye dirisha la masijala, huku barua yako yenye muhuri iko mkononi. La tatu ni kukaa kusubiri simu. Tangu marekebisho ya mwaka 2019, Msajili anatakiwa kuwa na nakala ndani ya siku 90, na mrufani ambaye hajajulishwa lolote anatakiwa azifuatilie mwenyewe ndani ya siku 14 baada ya hizo 90 kwisha. Kwa mfano wetu, siku 90 zinaisha tarehe 8 Juni, na barua ya kukumbushia iwe imeingia kabla au ifikapo tarehe 22 Juni. Tunza nakala yake yenye muhuri.

Anayeshindwa kufungua rufaa ndani ya muda anaweza kuhesabiwa kuwa ameiondoa taarifa yake.

Dhana: "Nimekata rufaa, kwa hiyo hawawezi kuniuzia nyumba."

Wanaweza. Rufaa peke yake haizuii kukazia hukumu, yaani kuitekeleza. Kinachozuia ni amri ya kusimamisha utekelezaji, na inaombwa ndani ya siku 14 tangu mdaiwa alipopewa notisi ya utekelezaji au alipojua kwamba maombi ya kukazia hukumu yapo. Maombi yaambatane na taarifa ya rufaa, hukumu, tuzo au amri inayolalamikiwa, na notisi ya utekelezaji. Kisha mwombaji aonyeshe hasara kubwa atakayopata, na awe tayari kuweka dhamana ya kutimiza hukumu iwapo atashindwa. Wengi huandika kurasa nyingi kuhusu hasara, halafu dhamana hawaigusi kabisa. Hapo ndipo maombi yao yanapoanguka.

Dhana: "Kibali cha kukata rufaa bado ni lazima."

Kwa kesi za madai zilizoanzia juu ya Mahakama ya Mwanzo, sharti hilo liliondolewa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2023 (Sheria Na. 11). Wapo wanaoendelea kupoteza miezi wakiomba kibali kisichohitajika. Lakini kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo bado inahitaji Mahakama Kuu ithibitishe kwamba kuna hoja ya kisheria. Kesi nyingi za mirathi na za ndoa huanzia huko, kwa hiyo tazama kwanza jalada lilifunguliwa wapi.

Dhana: "Mahakama imewaachia wahalifu kwa vijisababu vya kiufundi."

Hasira hii inaeleweka, hasa kwenye kesi za ubakaji wa watoto, na hakuna sababu ya kuibeza. Ila tuangalie kinachotokea kwa karibu. Fomu ya polisi PF3, ambayo daktari huandika alichokikuta kwa mwathirika, inaletwa mahakamani. Utaratibu unataka shahidi aitambulishe, mshtakiwa aulizwe kama ana pingamizi, hakimu aipokee, kisha isomwe kwa sauti. Ile hatua ya mwisho ikirukwa, mshtakiwa amehukumiwa kwa karatasi ambayo hakuwahi kusikia imeandikwa nini. Mahakama ya Rufani huiondoa karatasi hiyo kwenye kumbukumbu.

Kuondolewa PF3 hakuui kesi. Majaji huuliza nini kimebaki. Daktari aliyesimama kizimbani akaeleza alichokiona, maneno yake yanabaki. Ushahidi wa mwathirika nao unabaki, na Mahakama imesema mara nyingi kwamba kwenye makosa ya kujamiiana ushahidi bora ni wake. Ukiaminika, hukumu inasimama bila karatasi. Kesi huanguka pale upande wa mashtaka ulipoegemea karatasi tupu na daktari hakuitwa, au pale utambuzi wa usiku ulipoelezwa kwa sentensi moja bila kusema taa ilikuwa ya aina gani, umbali ulikuwa hatua ngapi, na shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani. Vigezo hivyo vya utambuzi vimekuwepo tangu mwaka 1980. Lawama, kwa maoni yetu, ielekezwe kwa walioandaa na kuendesha kesi vibaya.

Na kubatilishwa kwa mwenendo hakumaanishi moja kwa moja kesi kusikilizwa upya. Kanuni inayofuatwa hadi leo, ya kesi ya Fatehali Manji mwaka 1966, ni kwamba kesi hurudiwa pale usikilizwaji wa kwanza ulipokuwa batili au na kasoro kubwa. Hairudiwi ili mashtaka wapate nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wao.

Dhana: "Mahakama ikisema kifungu kinakiuka Katiba, kimekufa siku hiyo hiyo."

Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa ya Serikali dhidi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi, ikakubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinakiuka Katiba. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha. Nguvu ya kutoa muda kama huo inatoka kwenye ibara ya 30(5) ya Katiba, na muda huo unapoendelea sheria huhesabiwa kuwa halali. Mwaka ulipita bila Bunge kubadilisha maandishi. Anayeisoma hukumu ile kama marekebisho ya kitabu cha sheria anachanganya kazi ya majaji na kazi ya wabunge.

Kosa la upande wa pili ni kushangilia uamuzi wa Mahakama Kuu kana kwamba ndio wa mwisho. Mwezi Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana kwa makosa kadhaa, kinakiuka Katiba. Agosti 5 mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo.

Dhana: "Nikishindwa Rufani, naomba mapitio waisikilize tena."

Mapitio yana milango mitano tu: kosa lililo wazi usoni mwa kumbukumbu, mtu kunyimwa kusikilizwa, uamuzi kuwa batili, Mahakama kutokuwa na mamlaka, au hukumu iliyopatikana kwa njia haramu, udanganyifu au kiapo cha uongo. Yanaombwa ndani ya siku 60. Kosa linalohitaji kuelezwa kwa hoja ndefu si kosa lililo wazi, na kutoridhika na namna majaji walivyoupima ushahidi hakumo kwenye orodha.

Dhana: "Juu ya Rufani kuna Mahakama ya Afrika, pale Arusha."

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu haisikilizi rufaa. Inapima kama nchi imevunja mkataba wa haki za binadamu, kama ilivyofanya Novemba 2019 iliposema adhabu ya lazima ya kifo inakiuka haki ya kuishi. Mwezi huo huo Tanzania iliondoa tamko lililoruhusu watu binafsi na asasi kufungua mashauri huko moja kwa moja, na uondoaji huo ukaanza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki bado iko wazi kwa mtu binafsi, ila shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu kitendo kinacholalamikiwa, na lihusu ukiukaji wa Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kwa Zanzibar, mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia Mahakama ya Kadhi na tafsiri ya Katiba ya Zanzibar huishia huko huko visiwani. Mashauri mengine mengi ya Mahakama Kuu ya Zanzibar huvuka hadi Mahakama ya Rufani.